Kebo ya Macintosh ya zamani hadi monita ya VGA: itengeneze mwenyewe

Umeipata Macintosh ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiiwasha inatoa mlio wake, diski inazunguka, lakini monita ya VGA uliyoiunganisha kwa adapta ya kuokoteza imebaki nyeusi. Wengi wakifika hapo husema kadi ya picha imekufa. Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Haitumi picha kwa sababu hakuna aliyeiambia kuna monita gani upande wa pili, na Apple waliiunda isitume chochote mpaka iambiwe.

Anayeiambia ni kebo. Ndiyo maana kuunganisha nyaya za rangi peke yake hakutoshi, na ndiyo maana adapta mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kukupa matokeo tofauti kabisa. Ukishaelewa kadi inauliza nini na kebo inajibu vipi, kazi iliyobaki ni ya jioni moja na pasi ya kulehemu.

Mwongozo huu unahusu Macintosh za familia za II, LC, Centris na Quadra, pamoja na kadi za NuBus kama Macintosh Display Card 8•24, almradi soketi ya video iwe na matundu 15 katika safu mbili, nane juu na saba chini. Macintosh yenye soketi ya VGA ya safu tatu, kama Power Macintosh G3 ya buluu na nyeupe ya 1999, haihitaji kebo hii.

Kwa nini plagi hazifanani, na kwa nini bado inawezekana

Macintosh II ilitangazwa Machi 1987. Mwezi uliofuata IBM wakatoa kompyuta za PS/2 zikiwa na VGA. Kila upande ulikuja na plagi yake, lakini kwenye rangi walikutana njia moja: nyekundu, kijani na buluu husafiri kila moja kwenye waya wake, kwa nguvu isiyozidi volti 0.7 hivi, na monita huipokea kila rangi kwa ukinzani wa omu 75. Kwa hiyo huhitaji chipu wala umeme wa ziada. Unahamisha tu waya kutoka pini hii kwenda ile.

Tofauti iko kwenye kasi. Monita ya rangi ya Apple ya inchi 13 ilionyesha picha ya 640×480 mara 66.67 kwa sekunde, ikichora mistari 35,000 kwa sekunde. VGA ya IBM ilionyesha picha ya ukubwa huohuo mara 60 kwa sekunde, kwa mistari 31,500 hivi. Monita bapa za leo zenye soketi ya VGA nyingi hukubali zote mbili, na kuna sababu. Kwenye orodha ya kawaida ambayo monita hutumia kuitajia kompyuta uwezo wake, kuna nafasi zilizotengwa tangu zamani kwa 640×480 ya 67 Hz, 832×624 ya 75 Hz na 1152×870 ya 75 Hz, zote zikiwa na jina la Mac II. Fungua kijitabu cha monita yako, utafute ukurasa wa ukubwa wa picha unaokubaliwa. Ukiona 640×480 ya 67 Hz, umeshajua kebo yako itafanya kazi kabla hata ya kununua risasi ya kulehemu.

Pini tatu zinazoamua kila kitu

Kwenye plagi ya Macintosh, pini 4, 7 na 10 hazibebi picha. Ni za utambulisho. Ndani ya kompyuta kila moja imevutwa juu kwa volti ndogo. Mashine inapowashwa inazisoma zote tatu: iliyoachwa wazi inasomeka 1, iliyounganishwa na ardhi inasomeka 0. Monita ya inchi 13 ya Apple ilikuwa imeunganisha pini 4 na ardhi na kuziacha 7 na 10 wazi. Ukifanya hivyo ndani ya plagi yako, Macintosh inaamini imeunganishwa na monita ile, na inaanza kutuma.

Baadaye aina za monita zikazidi idadi ya majibu ambayo pini tatu zinaweza kutoa. Apple wakaongeza swali la pili. Zote tatu zikisomeka 1, mashine mpya zaidi haikati tamaa mara moja: inaishusha pini moja baada ya nyingine na kutazama kama kuna nyingine inayoshuka nayo. Pini 7 ikishushwa na 10 ikafuata, maana yake kuna waya kati yao, na waya huo nao una jina lake la monita. Zisiposhuka pamoja popote, mashine inakata shauri kwamba hakuna monita, na video inazimwa.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mashine za mwanzo kama IIci ya 1989 na IIsi ya 1990 hazijui swali la pili. Ukizipa kebo ya jibu jipya zinasoma 1-1-1, zinasema hakuna monita, na kwako skrini inabaki nyeusi. Familia ya Quadra, iliyoanza 1991, inajua maswali yote mawili.

> KISANDUKU: MAJIBU MATATU YANAYOTOSHA
>
> Jibu A. Unganisha pini 4 na pini 11 (ardhi). Acha 7 na 10 wazi. Unapata 640×480, 67 Hz. Hili ndilo salama kwa mashine za zamani na mpya.
>
> Jibu B. Unganisha pini 7 na pini 10, zisiguse ardhi. Acha 4 wazi. Unapata 640×480, 60 Hz, yaani VGA yenyewe. Kwa mashine zinazojua swali la pili tu.
>
> Jibu C. Unganisha pini 4 na pini 10, zisiguse ardhi. Acha 7 wazi. Unapata 832×624, 75 Hz, kasi ya monita ya Apple ya inchi 16. Nayo ni kwa mashine zinazojua swali la pili.

Ushauri wangu: anza na A hata kama lengo lako ni C. Ukiona picha kwa A, umethibitisha rangi na nyaya zote ni sawa, na kubadili jibu baadaye ni kuhamisha kipande kimoja cha waya.

Vitu vya kukusanya

- Kebo ya VGA nzima, ile nene yenye uvimbe mweusi karibu na plagi. Nyembamba na nyepesi iache dukani, sababu utaiona chini.
- Plagi dume ya pini 15 za safu mbili, ya kulehemu, yenye vikombe vidogo nyuma ya kila pini, pamoja na kifuniko chake. Madukani wengi huiita DB15. Sisitiza safu mbili, la sivyo utapewa ya VGA.
- Soketi jike ya aina hiyohiyo, ya bei rahisi kabisa. Hii ni ya kushikilia wakati wa kulehemu.
- Pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40 yenye ncha nyembamba, na risasi nyembamba yenye dawa ndani.
- Multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo.
- Vipande vya mpira unaosinyaa kwa joto, wembe, koleo ya kukatia, karatasi na kalamu.

Kebo za VGA zimejaa kwa mafundi wa kompyuta kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, na nyingine utapewa bure kwa kuwa dunia imehamia HDMI. Plagi ya pini 15 za safu mbili ndiyo adimu. Usishawishike kukata ya stiki ya zamani ya gemu: imeumbwa ndani ya plastiki, mara nyingi haina nyaya zote, na huwezi kufika kwenye pini 4, 7 na 10 bila kuipasua.

> ONYO
>
> Kompyuta za PC za zamani zina soketi ya stiki ya gemu yenye umbo lilelile, pini 15 za safu mbili. Soketi hiyo inatoa volti 5 kwenye pini 1, ambayo kwenye kebo yako ni ardhi. Ukiichomeka huko utaunganisha umeme na ardhi moja kwa moja. Kebo ikikamilika, ibandike karatasi yenye neno MACINTOSH siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kata kebo na uitambue

Kata kebo ya VGA katikati. Utapata vipande viwili, kila kimoja na plagi yake: kimoja cha kazi, kimoja cha akiba.

Menya ganda la nje sentimita 4 hivi. Ndani, kama kebo ni nzuri, utakuta nyaya tatu nene kidogo, kwa kawaida nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa imezungushiwa suka lake la nyuzi za shaba. Hizo ni rangi, na suka la kila moja ndiyo ardhi ya rangi hiyo. Pembeni zipo nyembamba kadhaa za rangi mchanganyiko, na juu ya zote suka kubwa au karatasi ya fedha inayozunguka kebo nzima.

Kama hukuona masuka hayo matatu, kebo ni ya bei ya chini. Itatoa picha, lakini herufi zitakuwa na mzuka upande wa kulia, na hakuna kulehemu kutakakouondoa.

Sasa usiamini rangi ya waya wowote mwembamba. Kila kiwanda kina mazoea yake. Shika plagi ya VGA pini zikikutazama, upande mpana juu: safu ya kwanza ni 1 hadi 5 kutoka kushoto, ya pili 6 hadi 10, ya tatu 11 hadi 15. Pini ya 9 mara nyingi haipo, na pengo lake katika safu ya kati ni alama nzuri ya kujua hujaigeuza. Weka mkono mmoja wa multimita kwenye pini, mwingine gusa waya mmoja mmoja mpaka ilie. Andika kwenye karatasi. Unahitaji pini 1, 2, 3, 6, 7, 8, 10, 13 na 14. Pini 5 ikilia pamoja na 10, ni kawaida.

Hatua ya 2: Ramani ya kulehemu

| Kazi | Pini ya Macintosh | Pini ya VGA |
|---|---|---|
| Nyekundu | 2 | 1 |
| Ardhi ya nyekundu | 1 | 6 |
| Kijani | 5 | 2 |
| Ardhi ya kijani | 6 | 7 |
| Buluu | 9 | 3 |
| Ardhi ya buluu | 13 | 8 |
| Mapigo ya mlalo | 15 | 13 |
| Mapigo ya wima | 12 | 14 |
| Ardhi ya mapigo | 14 na 11 kwa pamoja | 10 |
| Ganda la chuma | ganda | ganda |

Mapigo ya mlalo ndiyo yanayoiambia monita kila mstari unapoanzia, ya wima yanaiambia picha mpya imeanza. Pini 3 ya Macintosh ina mapigo yote mawili yakiwa yamechanganywa katika waya mmoja. Iache kwa sasa. Pini 8 iache daima, na nyaya za VGA zilizobaki (4, 9, 11, 12, 15) zikate fupi na uzifunike kila moja peke yake.

Hatua ya 3: Lehemu

1. Chomeka plagi dume ndani ya soketi jike ya akiba. Joto la pasi hulainisha plastiki, na pini isiyoshikiliwa hupinda au kuzama. Soketi inazinyoosha zikiwa bado za moto.
2. Soma namba zilizochorwa kwenye plastiki, upande wa vikombe. Usihesabu kwa macho. Ukitazama plagi kwa nyuma, 1 iko kulia, kinyume na ulivyoiona kwa mbele. Kebo nyingi zilizoharibika ziliharibikia hapa.
3. Anza na kipande kifupi cha jibu la utambulisho: kwa A, kutoka kikombe cha 4 hadi cha 11. Ukikiacha mwisho hutapata nafasi ya kuingiza ncha ya pasi.
4. Ingiza kifuniko na vipande vya mpira kwenye kebo sasa hivi, kabla ya waya wa kwanza.
5. Sokota kila suka la rangi liwe kamba moja, ulipake risasi, na uliingize kwenye mpira mwembamba mpaka karibu na ncha. Uzi mmoja wa suka uliochomoza unatosha kuua rangi nzima.
6. Jaza kikombe risasi nusu, kipashe moto tena, uingize waya uliokwisha kupakwa risasi, shikilia bila kutikisa mpaka ing'ae na kutulia. Sekunde tatu zinatosha. Ukizidisha, ganda la waya linarudi nyuma.
7. Lehemu safu ya chini kwanza, 9 hadi 15, kisha geuza kwa ya juu.
8. Suka kubwa la nje liunganishe na ganda la chuma la plagi.

Usifunge kifuniko bado.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuwasha chochote

Kwanza pima pini kwa pini kama ramani inavyosema. Kisha pima kila pini na jirani zake. Isipokuwa ardhi kwa ardhi, na pini 4 kama umetumia jibu A, hakuna inayopaswa kulia.

Halafu fanya kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Chomeka upande wa VGA kwenye monita iliyozimwa na kuchomolewa ukutani. Weka multimita kwenye omu. Pima kati ya pini 2 na 1 za plagi ya Macintosh, kisha 5 na 6, kisha 9 na 13. Kwenye monita nyingi kila jozi itakupa omu 75 hivi, kwa sababu unausoma ukinzani ulio ndani ya monita kupitia kebo yako yote. Ukipata sifuri, kuna suka limegusa waya. Mita isiposoma kitu kwenye jozi moja huku nyingine zikisoma 75, kuna mahali pamekatika. Jozi mbili zikisoma kama nusu ya 75, rangi hizo mbili zimegusana.

Hatua ya 5: Washa kwa mpangilio

1. Macintosh na monita zote zimezimwa. Chomeka pande zote mbili, kaza skrubu.
2. Washa monita, kisha Macintosh. Utambulisho unasomwa mashine inapoanza, hivyo kuchomeka kebo mashine ikiwa tayari inafanya kazi hakukupi jawabu la uhakika.
3. Subiri. Mashine yenye RAM nyingi hukawia kabla ya picha ya kwanza.
4. Picha ikitokea, tumia kitufe cha monita cha kujipanga yenyewe ili picha ikae katikati.

Ikikataa

*Nyeusi kabisa, monita inasema hakuna mawimbi.* Tazama jibu la utambulisho kwanza. Kama ulitumia B au C, rudi kwenye A. Kama ni A, pima tena 4 na 11. Bado? Kadi za mwanzo hutegemea mapigo yaliyochanganywa: ondoa waya wa pini 15, uunganishe pini 3 ya Macintosh kwenye 13 ya VGA. Si kila monita inayaelewa mapigo ya namna hiyo, kwa hiyo jaribu monita zaidi ya moja kabla ya kuvunja kebo.

*Picha ipo lakini imegubikwa na kijani.* Kadi yako inapachika mapigo ndani ya waya wa kijani, na monita inayasoma kama rangi. Kebo peke yake haiwezi kuyachuja. Tafuta monita inayokubali mapigo ndani ya kijani.

*Monita inasema masafa hayakubaliki.* Haiwezi 67 Hz. Jaribu B kama mashine yako inajua swali la pili. Lakini kama monita ni ya kioo kinene, ya VGA ya zamani yenye kasi moja tu, na inapiga mluzi au picha inajikunja, izime papo hapo. Kuilazimisha kasi isiyo yake kunaweza kuiharibu.

*Rangi moja haipo, au nyeupe inaonekana ya manjano.* Manjano ni nyekundu na kijani bila buluu. Rudi kwenye pini 9 na 13.

*Hakuna mlio wala taa.* Hapo usiilaumu kebo. Macintosh II na IIx haziwaki kabisa betri zake za ndani zikiisha. Na mashine nyingi za miaka hiyo zina kapasita ndogo zinazovuja na kula ubao. Ukifungua na kuona unyevu kuzunguka kapasita, au betri ya lithiamu ya nusu AA imetoka ukungu, shughulikia hilo kwanza.

> KABLA YA KUFUNGA KIFUNIKO
>
> ☐ Jibu moja tu la utambulisho limelehemiwa
> ☐ Nyaya zisizotumika zimefunikwa kila moja
> ☐ Hakuna suka linalogusa kikombe cha jirani
> ☐ Jozi tatu za rangi zimesoma omu 75 hivi
> ☐ Kebo imebanwa na kifuniko, haining'inii kwenye risasi
> ☐ Karatasi ya MACINTOSH imebandikwa, pamoja na herufi ya jibu ulilotumia: A, B au C

Herufi hiyo usiiruke. Ukishakuwa na kebo mbili sandukuni, moja ya A na nyingine ya C, kwa nje hazina tofauti yoyote, na IIci ikipewa ya C itakurudisha kwenye skrini nyeusi. Kama una mashine za vizazi vyote viwili, badala ya kebo mbili tafuta swichi ndogo ya kuteleza yenye nafasi mbili na utoboe kifuniko ikae ndani: waya wa katikati uende pini 4, upande mmoja pini 11, wa pili pini 10. Kuibadili ni mashine ikiwa imezimwa.